Ukurasa wa Breki

Jumatatu, 7 Agosti 2006. Kitale

Ukurasa wa kumi na saba leo. Chujio la hewa. Nimemsomea Baba akiwa anavaa gambuti. Litoe kila jioni, ligongegonge kwenye kiganja mpaka vumbi liishe, usilioshe kwa petroli kamwe. Akarudia mara mbili. Huwa anarudia mara mbili, na baada ya hapo hasahau. Nikaandika kwa Kiswahili kwenye daftari letu. Kalamu nyekundu kwa mambo ya hatari.

Mashine yenyewe ni kama trakta ndogo ya magurudumu matatu. Unaikalia, reki iko nyuma. Inasawazisha mchanga kwenye mabanka, yale mashimo ambayo wacheza gofu hawataki mpira wao uingie. Pale uwanjani ni Baba peke yake aliyefunzwa kuiendesha, tena kwa siku moja tu, na kijana aliyeileta kutoka Nairobi. Kitabu chake ni cha Kiingereza. Baba aliishia darasa la tatu. Kwa hiyo kila likizo nikitoka shuleni Bungoma kazi yangu ni hii. Meneja hajui.

Kesho ukurasa wa kumi na nane. Mafuta ya injini.

Jumatano, 9 Agosti

Sina njaa. Niandike yote kama yalivyokuwa nisije nikapunguza hata kidogo.

Khocha Simiyu ametusaliti. Yeye ni ndugu ya Mama, ndiyo maana tunamwita khocha, yaani mjomba. Baba ndiye aliyemwombea kazi uwanjani, ya kukata nyasi. Sasa amekwenda kwa meneja akasema ati mashine inaendeshwa na mtoto wa shule, mzee mwenyewe hasomi.

Meneja akawaita wafanyakazi wote mbele ya stoo. Nilikuwa pale, nimempelekea Baba githeri. Meneja akampa kitabu, akafungua ukurasa, akamwambia asome. Ulikuwa ule wa chujio. Baba aliijua picha. Akasema kwa Kiswahili kila kitu kilichoandikwa pale, bila kukosea, mpaka ile ya petroli. Watu wakacheka. Walidhani anatunga.

Meneja akasema, "Sikuuliza unajua nini. Nimesema soma."

Baba akarudisha kitabu. Khocha akapewa kitabu. Ana cheti cha kidato cha nne. Akasoma Kiingereza mbio mbio kama mtangazaji wa redio. Hakuelewa hata mstari mmoja, nilijua kwa sababu alikuwa akipumua katikati ya maneno. Meneja akampa ufunguo. Baba akapewa reki ya mkono, ya mti.

Nilisimama na sufuria yangu. Mimi huwa sisemi neno.

Namchukia Khocha. Nimeandika, nimesoma tena, bado ni kweli.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama amesema mwezi huu hakuna kugombana na khocha. Wanjala, mdogo wangu, anatahiriwa wiki ya mwisho. Tayari anazunguka kwa jamaa akipiga kengele zake kuwaalika. Siku moja kabla ya kisu lazima aende kwa khocha. Khocha anachinja ng'ombe na kumvika kipande cha nyama shingoni. Bila hiyo nyama mtoto anakatwa bila baraka ya upande wa mama, na watu watasema hivyo mpaka azeeke. Khocha akinuna, Wanjala ndiye ataumia.

Nina hakika Khocha alijua hivyo alipochagua mwezi.

Jioni alipita kwetu. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Baba naye akamkaribisha kiti. Wakazungumza habari za mahindi.

Jumamosi, 12 Agosti

Amekuja tena. Anataka daftari.

"Profesa," akaniambia, "nisaidie bana. Hiki Kizungu cha mashine kimekataa kuingia kichwani. Si wewe unacho cha Kiswahili?"

Alicheka. Anaweza kucheka. Nilimtazama Baba nikitumaini atakataa. Baba akasema, "Mpe. Mashine haina makosa."

Nikasema daftari limenyeshewa, nitamwandikia jingine safi. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida. Hakuna aliyeshuku kitu. Kuna faida kuwa mtu ambaye hakuna anayemshuku.

Jumapili, 13 Agosti

Tumetoka kanisani saa saba. Nimeandika mpaka saa kumi na moja.

Nimeandika vizuri sana. Mwandiko wa mtihani. Usiingie banka kwa kasi. Inua reki kabla ya kutoka. Usikate kona kali kwenye ukingo. Usitokee mahali pamoja kila siku. Weka petroli injini ikiwa imepoa. Kabla ya kushuka: shusha reki, vuta breki, zima injini, chomoa ufunguo. Yote kweli.

Kisha nikafika ukurasa wa breki. Kila asubuhi, kabla ya kazi, jaribu mkono wa breki. Ukipanda juu kwa wepesi, waya umelegea na breki haishiki. Kaza nati nusu mzunguko, jaribu tena. Waya wa mashine yetu ni mzee. Baba alikuwa akiukaza kila baada ya siku tatu au nne.

Huo nimeuruka.

Sikukosea. Nilifungua ukurasa, nikausoma mara mbili kama Baba, nikaufunga. Atavuta breki kama nilivyomwandikia. Atadhani imeshika. Siku moja atashuka, na mashine itaondoka bila yeye. Nataka iende mpaka kwenye bwawa. Nataka meneja awepo, na wote waliocheka wawepo.

Niliosha mikono nikala vizuri. Mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumanne, 15 Agosti

Nimempa. Amelifungua, akasifu mwandiko. Ati hata meneja hana mwandiko kama huu. Akanipa ndizi mbivu tatu. Nikampa Wanjala zote.

Mara ya mwisho Baba kukaza nati ilikuwa Jumanne iliyopita. Leo ni siku ya saba.

Alhamisi, 17 Agosti

Siku ya tisa. Hakuna kitu.

Baba amerudi na malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Amekwisha kuwa mtu wa reki ya mti. Mama akamkanda kwa maji ya chumvi. Hakulalamika. Ningependa alalamike. Angalau kidogo, ili nisiwe peke yangu.

Nalala nikiona mashine inashuka. Naiona polepole. Naona uso wa Khocha. Sijawahi kufurahia kitu kisichokuwa kitabu namna hii.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimepeleka chakula uwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha mapema, nyasi zinateleza.

Mashine ilikuwa imesimama juu ya banka la nne, kwenye mteremko. Khocha alikuwa ameshuka, anasawazisha pembe kwa mkono kama alivyosoma kwangu. Reki imeshushwa. Injini imezimwa. Ufunguo mfukoni. Anafuata daftari neno kwa neno. Mkono wa breki ulikuwa umesimama wima kabisa, juu kuliko nilivyowahi kuuona. Hauna nguvu hata kidogo ule. Kinachoizuia mashine ni meno ya reki tu, yamekwama kwenye udongo laini.

Chini ya mteremko wako akina mama wanaong'oa magugu. Wanne. Wamechutama, wameupa mlima mgongo. Mama Nafula, jirani yetu, ana mtoto mgongoni. Hatua thelathini chini ya mashine. Labda ishirini na tano.

Sikuwahi kuwafikiria. Nilimfikiria yeye, na bwawa, na meneja. Bwawa liko banka la saba. Kwa nini nilidhani atakubali kushukia pale ninapotaka mimi?

Mama Nafula aliniona akanipungia mkono. "Mwalimu wetu! Shule lini?"

Nikasema mwezi wa tisa. Nikaenda nyumbani.

Nilienda nyumbani. Naandika mara mbili kwa sababu ndicho nilichofanya.

Jumamosi, 19 Agosti

Wamefanya kazi nusu siku. Hakuna aliyeumia. Nilikaa mlangoni mpaka Baba alipotokea njiani.

Nimesoma kurasa arobaini za riwaya na sikumbuki jina la mtu hata mmoja.

Nikisema, Khocha ameshinda. Atakuwa na mashine na daftari kamili. Nisiposema, nitakuwa nimemwekea mtoto wa Mama Nafula mashine juu ya kichwa. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Kumwambia Baba nimeona aibu. Kumwambia Mama siwezi, ni ndugu yake. Kuandika barua bila jina ni upumbavu, kila mtu anajua mwandiko wangu.

Bado nataka aumie. Nataka tu aumie peke yake.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimefanya.

Nimefika stoo saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wengine. Khocha alikuwa anafuta kiti cha mashine. Nilikuwa na kalamu nyekundu. Nikamwomba daftari. Akadhani nimesahau kutia sahihi, akacheka.

Nikafungua ukurasa mtupu mwishoni nikaandika sehemu yote ya breki, nimesimama, daftari juu ya tangi la maji. Mwandiko ulikuwa mbaya. Nikampa. Akasoma. Akauliza kwa nini hii haikuwepo.

Nikasema, "Niliiacha makusudi, Khocha."

Hakuelewa mara moja. Nikamwambia aijaribu. Mbele ya stoo kuna sakafu ya kuoshea, ina mteremko kidogo tu. Akaisogeza pale, akavuta breki, akazima. Nilikuwa nimeweka jiwe nyuma ya gurudumu, mbali kidogo. Akainua reki kama nilivyomwambia, na mashine ikaanza kurudi nyuma, na yeye juu yake, taratibu, bila sauti yoyote, mpaka ikagonga jiwe.

Akakaa pale juu. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Tangu Jumanne," akasema. "Nimeshuka kwenye hiki kitu kila siku."

"Ndiyo."

"Sasa ulitaka kuniua, Profesa?"

"Nilitaka uanguke mbele ya watu. Kama Baba."

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa ndogo. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga kuomba, nilifanya mazoezi njia nzima. Nilipomwona ameshika usukani kwa mikono miwili, sikutaka tena.

Akasema, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. Akasema basi.

Baba akafika. Alitazama jiwe, akatazama kalamu nyekundu mkononi mwangu, akachukua daftari. Kiswahili anasoma, polepole. Akasoma ukurasa wa mwisho mpaka chini. Kisha akaleta spana namba kumi na tatu, akalala chini ya mashine, akakaza. Nusu mzunguko. Akajaribu. Nusu tena. Hakumtazama yeyote kati yetu.

Njiani jioni aliniambia neno moja tu. "Akina mama walikuwa chini."

Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 24 Agosti

Siku tatu nimengoja Khocha aseme kwa Mama. Nimengoja atume ujumbe kwamba hakuna ng'ombe. Kila mbwa akibweka nasimama.

Leo tumempeleka Wanjala kwake. Watu wengi, nyimbo, vumbi. Nilitembea mwisho kabisa. Ng'ombe alikuwepo, mweusi, tayari amefungwa. Khocha akamchinja. Akamvika Wanjala nyama shingoni, akamwambia asimame kama mwanaume, asiwaaibishe watu wa mama yake. Sauti yake ilikuwa nzuri. Mama alilia kwa furaha.

Alipokuwa akigawa chakula alinipita. Si kwa hasira. Alinipita kama mtu anayepita karibu na jiko lenye moto, anakunja shuka lake kidogo.

Nilidhani akitoa ng'ombe nitamsamehe. Nimejichunguza sana jioni hii. Hapana. Ametenda haki kwa Wanjala. Kwa Baba bado.

Ijumaa, 25 Agosti

Wanjala hakupepesa jicho. Baba alisimama mbele ya wote, mgongo wima. Nimemtazama yeye kuliko nilivyomtazama Wanjala.

Jumapili, 3 Septemba

Sanduku limefungwa. Kesho Bungoma. Daftari la zamani nimemwachia Baba, lile lenye ukurasa wa breki mahali pake. Akaniambia nisome kwa bidii. Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nimekusikia." Sijui kama ni jibu.

Reki ya mti iko ukutani, karibu na mlango. Mpini umeanza kung'aa pale anaposhika.

Jumapili, 17 Septemba. Bungoma

Siku ya wazazi. Mama amekuja na chapati na kuku, tumekaa nyuma ya maktaba, nyasi zilikuwa kavu. Wanjala amepona. Mahindi ni mazuri.

Kisha akanisimulia kichekesho, ndivyo alivyokiita. Ati kaka yake siku hizi hapandi mashine mpaka Baba aje aguse breki. Daftari analo, spana anayo, lakini hapandi. Kila asubuhi anasimama kando ya kiti, ufunguo mkononi, anamngoja Baba. Wafanyakazi nao wanangoja. Meneja aliuliza kuna nini, Khocha akamjibu kwamba breki ya mashine hii inamtaka mzee. Meneja naye sasa anangoja.

Mama alicheka sana. Hajui kwa nini mimi sikucheka.

Nikamuuliza kama Baba huwa anafika mapema.

"Zamani ndiyo," akasema. "Siku hizi anakunywa chai kwanza. Mpaka iishe."

Akanimegea chapati. Tulikula mpaka kengele ikalia.