Unga Uliofika Jumapili

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtoto wako wa mbali. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mutuku alipopita huku ilikufikia, au kaka yangu aliimalizia mgongoni mwake njiani? Na mvua je? Huku inanyesha karibu kila alasiri, na nikisikia redio inasema Ukambani ni mawingu tu, naona haya, kana kwamba ni sisi tumewazuilia.

Mimi na watoto, Mwende na Kyalo, ni wazima. Kyalo ameanza shule ya chekechea na tayari anajua kutukana kwa lugha tatu. Baba yao bado yuko Naivasha kwenye shamba la maua, ila wamepunguziwa saa za kazi tangu mwanzo wa mwaka. Siku hizi anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, ananukia waridi, na mfuko wake ni mwepesi kuliko shati. Mimi nipo na cherehani yangu ya kukodi, nashona sketi za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda.

Najua utauliza barua ni ya nini na simu ipo. Simu yako, Mwaitu, huishika Mutuku, naye hupenda kuiweka kwa spika mpaka kuku wajue habari zetu. Yangu nayo ilianguka kwenye karai la kufulia, na tangu siku hiyo haisikiki ila kwa spika. Mimi na wewe hatuna siri tena. Mwombe mke wa Mutuku akusomee, ana sauti nzuri na hana haraka.

Uliniuliza mwezi uliopita kama nitakuletea Mwende akae nawe mpaka mambo yalainike, na nikakwambia nitafikiria. Nimefikiria. Jibu limo humu, lakini nataka ulifikie kwa njia niliyopita mimi, kwa hivyo msomaji asiruke mbele.

Kwanza nikueleze tunavyokula. Unga wa pakiti tuliuacha zamani. Kila Jumamosi nanunua mahindi gorogoro tatu, yale makopo ya kilo mbili, nayapeleka kwa posho mili yasagwe, na huo ndio ugali na uji wa wiki nzima. Mafuta nanunua ya kupima, kikombe kimoja. Sokoni siendi asubuhi kama matajiri. Nangoja jioni, mama mboga wakianza kufunga magunia, saa ile fungu la nyanya linaongezewa mbili bila kuombwa. Nyama yetu ni mifupa ya supu, na kijana wa buchari ananijua.

"Niaje, mathe wa mifupa? Leo ni ya mbwa ama ya watoto?"

"Ya mbwa," namwambia. "Na mbwa wangu wanasoma, kwa hivyo acha nyama kidogo hapo."

Huniachia. Sikusimulii haya unionee huruma, Mwaitu. Nilikuwa najivunia. Mtu ambaye kazi yake ni kupima viuno vya watu atashindwa vipi kupima chakula? Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia, na wewe unanijua nikianza kujisifu.

Basi nikataka kuwa mwerevu zaidi. Jirani yangu wa mlango wa pili anaitwa Mama Njeri, mwenyeji wa Sachangwan, kule juu barabarani ambako viazi huuzwa kwa gunia. Akaniambia tukinunua gunia moja tukagawana, nusu yangu itanivusha mwezi mzima. Nikatoa pesa zote za chakula za wiki ile na nyingine kidogo. Viazi vikaja, vizuri, vikubwa, lakini gunia lilikuwa limenyeshewa kwenye lori. Nikaona unyevu nikaogopa vitaoza. Sasa wewe niambie, mtu wa kwetu akiogopa kitu kuoza hufanya nini? Umenilea naanika mahindi, naanika kunde, naanika mbaazi, hata majani ya kunde tunaanika. Nikatandika magunia uani nikavimwaga viazi vyote juani. Asubuhi natoa, jioni naingiza, wiki nzima. Mama Njeri alikuwa amesafiri kwenda kwao, na wapangaji wengine walinyamaza. Baadaye walisema walidhani ni dawa ya Kikamba.

Viazi vikawa kijani kama maembe mabichi, na vikaota macho. Nikavipika hivyo hivyo. Vilikuwa vichungu, Mwaitu, na Kyalo akatapika mpaka nikamshika kichwa. Mama Njeri aliporudi alisimama uani mikono kiunoni.

"Ai, Mama Mwende! Unaanika waru kama mahindi?"

"Zilikuwa na maji."

"Waru hukaa kwa giza! Hizi hata mbwa asile. Hizi sasa ni mbegu."

Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka kwa sababu kulia mbele ya watu si tabia yangu. Alivibeba viazi vyote kwa ndugu yake akavipande, naye akanirudishia kabeji mbili. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na viazi.

Ndiyo wiki uliyonipigia simu. Nilikuwa nimepika kabeji siku tatu mfululizo, na ulinisikia sauti tu ukajua. Uliuliza nikakueleza, ukasema, "Ndinda, niletee huyo mkubwa. Huyo ndiye anakula kama mtu mzima. Ukibaki na mdogo utapumua." Ulisema kwa upendo. Mimi nilikuwa kwenye jiko la makaa, simu juu ya meza, kwa spika. Mwende alikuwa kitandani nyuma ya pazia na kitabu chake cha Kiswahili. Alikuwa akisoma kwa sauti kabla hujapiga, na baada ya simu hakusoma tena. Sikulitilia maanani jambo hilo.

Wiki iliyofuata nikarudi kwenye gorogoro zangu tatu. Unga wetu, ujue, kila mara ulikuwa unaisha Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tunakunywa chai kavu tukingoja soko. Wiki hiyo ulifika Jumamosi. Nikashangaa. Iliyofuata ukafika Jumapili, na maharagwe yakabaki bakuli nzima. Mwaitu, niliimba! Nikawaambia wanawake wa ploti kwamba nimepata mkono wa kupima, kwamba siri ni kusonga ugali mgumu kidogo na kula polepole. Mama Njeri akaniomba nimfundishe. Nikamfundisha! Nikaanza hata kutunga maneno ya kukwambia, kwamba Mwende anaweza kukaa, kwamba nimeshinda. Nilikuwa nangoja tu wiki ya tatu ipite ndipo nikupigie.

Ijumaa ya wiki ya tatu alirudi kutoka shule, akainama kufungua viatu, nikaona amekunja kiuno cha sketi na kukibana kwa pini. Hiyo sketi niliishona mwenyewe muhula uliopita na nikaacha nafasi ya kukua. Ilitakiwa iwe inaanza kumbana.

"Hii pini ni ya nini?"

"Sketi imelegea tu, mum."

"Sketi hulegea yenyewe?"

Nikachukua tepu nikampima hapo hapo mlangoni, na mikono yangu ikajua kabla sijasoma namba. Nimepima watoto wengi, Mwaitu. Mtoto wa miaka tisa hapungui.

Kyalo akawa anatuangalia, kidole mdomoni. Akasema, "Mwende hunipea chakula yake. Aliniambia nisiseme. Na sijasema."

Nikamkalisha dada yake kwenye stuli. Sikumgombeza. Nikamwuliza ni kwa nini, naye akajibu akiangalia magoti yake.

"Susu alisema kwa simu ni mimi nakula kama mtu mkubwa. Nikaona nikikula kidogo sitapelekwa." Halafu akaniangalia usoni. "Na si unga imefika Sunday, mum? Si ulikuwa unaimba?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, wala ile ya viazi haifiki nusu yake. Mimi najipigia makofi kwa kipimo changu kumbe anayepima ni yeye, kila siku, kwenye sahani yake. Nilimshika, nikalia mbele ya watu, na mlango ulikuwa wazi.

Usijilaumu, Mwaitu, nami najaribu kutojilaumu. Ila kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka ule wa njaa mliponipeleka kwa shangazi Machakos, nilikuwa na umri wa Mwende. Nilikula vizuri huko, chai ya maziwa asubuhi na jioni. Uliponijia baada ya mwaka ulisema nimenawiri, ukawaonyesha watu mashavu yangu. Lakini kila nilipokula nilikuwa najiuliza ni kipi nilichokula kupita kiasi mpaka mkanichagua mimi. Nilikuwa nakumbuka kande fulani niliyoongezewa. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kwamba jibu lipo. Leo ni mama na najua hapakuwa na jibu, mlikuwa mnaniokoa. Wakati ule sikujua.

Kwa hivyo simleti. Hilo ndilo jibu langu. Usione kama nakukataa wewe. Sitaki tu Mwende akae mahali akijiuliza swali hilo.

Nimebadilisha mambo. Sahani ndogo nimezifungia kwenye kabati, na sasa tunakula watatu kwenye sinia moja, mikono ikigongana, vile ulivyokuwa ukitulisha. Hapo hakuna wa kumpa mwenzake kwa siri, namwona kila tonge. Niliwarudia wanawake wa ploti nikawaambia ukweli kuhusu mkono wangu wa kupima. Hakuna aliyecheka. Mama Njeri alisema tu, "Jumamosi tupike pamoja," na tangu hapo Jumamosi ni sufuria moja na jiko moja. Mimi naleta mahindi na maharagwe, yeye analeta waru kutoka gizani, watoto wake na wangu wanakula hadi sufuria ilie. Makaa tunaokoa, na siku ngumu kuliko zote katika wiki imegeuka kuwa ndiyo ya kushiba.

Unga nao umerudi kuisha Ijumaa. Wiki hii umeisha Alhamisi! Nilikung'uta mkebe nikacheka peke yangu. Nitashona usiku mmoja zaidi, au baba yao atatuma kidogo katikati ya mwezi, tutaona. Nimeshamwambia kwa simu habari za Mwende. Akauliza kiuno cha mtoto ni inchi ngapi.

Ukitaka kunisaidia, na najua unataka, usinipunguzie mtu. Niongezee ndengu. Ukivuna, hata iwe debe moja tu, Mutuku aliweke kwenye basi. Ndengu za huku ni ghali na hazina ladha ya kwetu. Na uzianike vizuri, hizo jua ni rafiki yao, haki ya Mungu siku hizi najua tofauti. Kisha wewe mwenyewe ufuate likizo ikifika. Mwende atakulaza kitandani mwake. Anataka kukuona sana, ila anataka ukuje wewe.

Nisalimie Mutuku, kaka yangu mwenye masikio makubwa, na mke wake anayesoma haya. Asante, shemeji, na kama umelia mahali fulani, sitamwambia mtu. Msalimie shangazi wa Machakos ukimwona, umwambie chai yake naikumbuka kwa wema, na hilo ni kweli. Wasalimie mama wa maombi wa kanisa letu, na yule babu jirani aliyenifundisha kupanda baiskeli, kama bado yu hai na bado anabisha.

Mungu akulinde na akunyeshee.

Ni mimi mwanao,
Ndinda

Mwende amesimama hapa begani mwangu anataka nafasi yake. Nimempa kalamu na sitasoma anachoandika, nitafunga bahasha tu.

Susu ni mimi Mwende. Mum amesema naweza kuandika chochote. Leo tumekula ugali na maharagwe. Niliongeza mara mbili na hakuna mtu alisema kitu.