Maganda Mekundu ya Ufukwe wa Bibi Bolethe

Mwaka umetimia, Bibi Bolethe, tangu uliposhusha pumzi yako ya mwisho huku barafu ikivunjika mbele ya dirisha lako. Kazi yako tumeishika barabara: ufukwe ule ule, kipimo kile kile, wala hakuna hata uzi uliotuponyoka.

Hivyo ndivyo tulivyotamba kwenye karamu ya kahawa ya kukukumbuka, mbele ya kijiji kizima.

Tunakukumbuka umeketi juu ya kreti ya samaki, chupa ya kahawa miguuni. Kila kiangazi, barafu ikishaondoka, ulitupanga kati ya vigingi vyako viwili, kutoka maji yanapoishia hadi majani yanapoanzia. Kila taka iliokotwa, ikatengwa kwa aina yake, ikahesabiwa. Kabla ya siku hiyo, marufuku mtu kusafisha.

"Norwei na Aislandi wanaokota hivi hivi," ulisema. "Ukisafisha kwanza, utalinganisha nini na nini?"

Na mjukuu akizubaa: "We Inunnguaq, unaokota mawe au unayaposa?"

Ulitufumia glavu zisizo na ncha za vidole, ili hata kijipande cha plastiki tukishike. Baridi ikituuma, ulitupulizia mikono mmoja mmoja, kisha ukaturudisha kazini.

Wewe hukuuficha uchafu wetu. Nyavu za meli za kigeni uliziweka huku, na kule maganda mekundu ya risasi za kuwindia bata za mwanao Aqqaluk, kisha ukamwita: "Na haya nayo yaliletwa na meli, mwanangu?"

Kiangazi hiki alikuja Dada Ivalu kutoka mji mkuu, Nuuk, yule anayekusanya hesabu za fukwe zote. Mwanao Aqqaluk alikwisha kumtambia kwenye simu kwamba sisi ni wasafi, taka zote ni za wageni. Basi asubuhi ya kuhesabu, mmoja wetu akaona haya. Akatangulia ufukweni peke yake, akayazoa maganda yote, akayatia mfukoni.

Tukahesabu. Kamba, nyavu, chupa. Ganda halikuwepo hata moja. Tukarudi nyumbani kwenye kahawa yako tukitembea kama mabwana harusi, tukampakulia mgeni supu ya bata.

Ivalu akatafuna, akasita, akatema kijikoni chembe ya risasi.

"Mzee Aqqaluk, bata huyu aliuawa na mafua?"

"Alipigwa, binti yangu."

"Wapi?"

"Si pale pale ufukweni! Mimi bwana huwa sikosi..." Ivalu akafungua karatasi ya hesabu, akaweka kidole penye maganda: sifuri.

Hakuna aliyecheka, Bibi. Hata sisi tunaocheka msibani tulitazama vikombe. Kuyarudisha maganda haikuwezekana. Ufukwe ukishaguswa umeguswa. Ivalu hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alisema tu kwamba hesabu ya ufukwe wetu haitatumika mwaka huu. Katika miaka yote ya mkono wako halikuwahi kutokea pengo. La kwanza tumelichimba sisi, tukikukumbuka. Hatuna pa kuziweka nyuso zetu.

Unakumbukwa na mumeo Nathan, mwanao Aqqaluk na mkewe Dorthe, mkweo na mwenzako wa mapishi, wajukuu zako Pipaluk na Inunnguaq, na mbwa wote uliowalisha kwa siri.

Tangazo hili la kumbukumbu lilipofika hapa, Babu Nathan alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mwandishi, akisoma kwa sauti.

"'Mmoja wetu.' Huyo hana jina?"

"Babu, hili ni tangazo la familia nzima."

"Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye kreti yake, darubini mkononi. Nikanyamaza, nikidhani utasema mwenyewe." Akalitingisha koti lililoning'inia mlangoni, mfuko ukalia kwa maganda. "Andika jina lako, Inunnguaq. Ukishaliandika, ndipo umwambie bibi yako kwamba daima tutamkumbuka."