Sanduku Lisilobonyea

Jumatatu, 7 Aprili
Chai ya rangi, mkate hakuna. Karakanani mapema. Nimepaka grisi spana zote, nikazirudisha kwenye sanduku jipya. Droo nne za chuma, kila moja ikifungwa inalia kama mlango wa jela. Limetoka ng'ambo, zawadi ya nchi rafiki kwa mafundi wa pampu za vijijini. Jumamosi meneja alipanda juu yake na viatu vyake, akarukaruka, ili tuone lilivyo imara. Halikubonyea. Tulipiga makofi.
Hakuna aliyemwambia alibebe.

Jumatano, 9 Aprili
Kawe. Gari la karakana bado liko juu ya matofali, tairi hazipatikani. Basi, kisha miguu. Mie upande huu, Damiani upande ule. Damiani ni Mmakonde wa Newala, fundi mwenzangu tangu tuajiriwe. Mfupi kuliko mie, kwa hiyo uzito wote unamlalia yeye. Vishikio vyembamba, vinakata viganja. Sanduku likiwa tupu ni mzigo tayari. Tia spana, nyundo, tindo na jeki, umebeba maiti.
Tulipopumzika alisema, "Hamisi, hili limetengenezwa na watu wenye magari."
Nilicheka. Sasa sicheki. Bega linawaka moto.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumemwomba meneja ruhusa ya kuchukua vifaa vichache tu kwenye mfuko wa turubai, kulingana na kazi. Kakataa. Sanduku lina kufuli, mfuko hauna. Mali ya umma ikipotea njiani nani atajibu? Akatukumbusha kwamba kuna kina mama vijijini wanabeba maji kichwani na hawalalamiki.
Aliyasema hayo amekaa.
Simpendi. Zamani nilikuwa nabishana na wanaomsema. Siku hizi nanyamaza.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Mjumbe wa Goba kaja karakanani, kalowa. Watu wamehamishiwa kule, wakaahidiwa maji ya bomba, na pampu imekufa. Wanateka dimbwini. Watoto wanaharisha. Kesho tunakwenda, inyeshe isinyeshe. Damiani ndiye aliyemwambia hivyo, mie niliitikia.

Alhamisi, 17 Aprili
Jana sikuweza kuandika.
Mteremko wa Goba, udongo mwekundu umelowa chepechepe. Damiani mbele, mie nyuma. Kateleza. Kishikio kikanichomoka mkononi, sanduku likamfuata. Likamkalia mguu wa kulia, chini ya goti. Nilisikia mfupa.
Hakupiga kelele. Alisema tu, "Litoe."
Sikuliweza peke yangu. Nilisukuma, nikavuta, nikateleza na mie nikaanguka. Nikaita hadi sauti ikakauka. Wakaja wanaume waliokuwa wakipalilia mihogo, tukaliinua. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakampandisha hadi barabarani. Njia nzima alikuwa anatukana kwa Kimakonde. Sijui alikuwa anamtukana nani.
Pampu haikutengenezwa.

Ijumaa, 18 Aprili
Meneja hajafika hospitali. Kafika stoo. Watu wa Goba wamelirudisha sanduku kwa lori la mkaa. Kalipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Kavuta droo moja baada ya nyingine, zote zinateleza vizuri. Kaita makarani waje waone.
"Limeporomoka mlimani, halina hata mkwaruzo."
Kwenye pembe kulikuwa na tope, na kitu kingine kilichokauka. Nimelifuta mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine alifute.

Jumapili, 27 Aprili
Wodini. Daktari kasema mguu utaunga, lakini utabaki mfupi. Kupanda ngazi, kubeba mizigo, basi tena. Mama Rosa, mkewe, alikuwa anamnywesha uji. Wanakaa chumba cha karakana kule Temeke, nyuma ya stoo. Asiye na kazi hakai mle.
Nikamwambia Damiani kwamba kwenye kikao cha wafanyakazi nitasema yote, mfuko tulionyimwa, mteremko, kila kitu. Aligeukia ukutani.
Nilidhani ni maumivu.

Jumanne, 6 Mei
Kikao. Taarifa ya meneja ilikuwa fupi: ajali imetokana na uzembe wa fundi.
Nikasimama. Nikasema tuliomba ruhusa tukanyimwa. Nikasema sanduku lile si la kubebwa na watu wawili milimani. Nikasema aliyeumia hakuzembea, alikwenda kwenye mvua kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanaugua. Mafundi wa nyuma wakaanza kuitikia, "Kweli, ndugu."
Meneja hakukasirika. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.
"Mwenyewe yupo," akasema. "Tumsikie."
Damiani, aliyetoka wodini juzi, akainuka kwa magongo. Hakunitazama.
"Nilizembea mimi. Sanduku halina kosa."
Akakaa. Waliokuwa wananiitikia wakaanza kutazama viatu vyao. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikakaa. Nimekuwa mwongo mbele ya karakana nzima.
Mama Rosa alinifuata nje.
"Shemeji, wamempa kazi ya getini. Na chumba tunabaki nacho. Ulitaka aseme nini?"
Nilitaka kumtukana, nilitaka pia kumwomba radhi, vyote kwa pamoja. Nimerudi nyumbani Kinondoni kwa miguu.

Jumatano, 7 Mei
Meneja sina hasira naye tena. Nilimjua. Hasira yangu ni kwa Damiani. Neno moja tu pale wodini, "Hamisi, usiseme," ningenyamaza. Kaniacha nisimame.
Mke wangu anasema pengine aliona haya. Haya ya nini, nikamuuliza. Kaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 13 Mei
Goba tena, na fundi mpya, Shabani, mtu mzima aliyehamishwa kutoka Tabora. Tulishuka kwa makalio pale penye utelezi, sanduku tukilivuta kwa kamba kama mbuzi mkaidi. Pampu imepona. Maji yametoka, kina mama wakapiga vigelegele, mmoja kanipa mihogo ya kuchoma. Nilikula. Haikuwa na ladha.
Getini napita upande wa pili, nikijifanya naongea na Shabani.

Jumatatu, 19 Mei
Leo sikuweza kupita upande wa pili. Tulikuwa tumebeba sanduku, na likibebwa na watu wawili, kufungua ubao mmoja tu wa geti hakutoshi. Damiani akainuka kwenye kiti chake. Kafungua ubao wa kwanza, kaegemea gongo, kazunguka, kafungua wa pili. Tulimsubiri. Viganja vilikuwa vinakatika lakini hakuna aliyetua mzigo.
"Wapi leo?" akauliza.
"Bunju."
Akatazama miguu yangu, si uso.
"Huko tambarare," akasema.
"Tambarare," nikamjibu.
Tukapita.