Siku ya filimbi kwenye pisini

Bunia, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, magaribi. Mvua imesimama, udongo wa Bigo, kwetu, unashika viatu, lakini miye roho yangu iko mwepesi.

Leo klabu yetu ya kuogelea ilipimwa. Klabu ni ya watoto wa kartie, mutaa wetu tu, na pisini ni ya hoteli. Mwenye hoteli alisema wazi: bila cheti ya ubora kutoka federasyo, wakubwa wa kuogelea, watoto hawaingii tena mu maji yake. Anaogopa mutoto azame. Namuelewa. Lakini mutoto wangu Gloire, ile alikuwa analia hata mbele ya beseni, sasa analala juu ya maji kama jani. Ningemuambia nini?

Miye mwenyewe sijui kuogelea. Shule niliacha mapema. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya pisini na kuchunga watoto, macho hayatoki juu yao.

Mama mukaguzi alitoka Mahagi, viatu matope. Aliangalia maji, kamba, muti murefu wa kuvuta mutu, sanduku ya dawa. Yote muzuri. Kisha akaomba jaribio la hatari: filimbi inalia, watoto wote wanatoka mu maji, wanasimama pamoja, wanahesabiwa.

Siku zote monitere Baraka, mwenye kuwafundisha kuogelea, anawaita kwa mukono. Filimbi tuliinunua juzi, sababu ya cheti. Akapuliza nguvu.

Watoto wakatoka mbio. Wakubwa wakabeba wadogo. Wakapita mbele yetu, wakatoka kwenye mulango ya hoteli, mpaka barabarani, maji yakiwatiririka, kila mumoja njia ya kwao.

Nilisikia aibu. Halafu nikaelewa.

Mu kartie zetu filimbi inalia usiku, wakati wabaya wanakuja. Inasema: shika mudogo wako, kimbia. Siye wazazi njo tuliwafundisha. Siku hizi kumetulia, watu wanalala, lakini mu kila nyumba filimbi iko bado kwenye musumari nyuma ya mulango.

Tulizunguka kuwakusanya. Mutu wa moto, pikipiki ya kubeba watu, akaleta wawili, anacheka: «Mama, hawa samaki ni wenu?»

Nilizani cheti imekwisha. Mama mukaguzi hakukasirika. Akaniuliza: «Mama Gloire, watoto wa hapa wanakimbia *kuja* wakisikia nini?»

Nikajibu bila kufikiri: «Vigelegele, mama. Wanajua kuko arusi, kuko kula.»

Baraka akashika kichwa. «Miye mwanaume nipige vigelegele?»

Mama mukaguzi akamujibu: «Jifunze, baba. Federasyo inaomba alama ya kuita watoto. Haikusema lazima filimbi.»

Wakarudi mu maji. Nikasimama pembeni. Nikapiga.

Wakaja. Wote! Walikuja kwangu, wakubwa wanashika mikono ya wadogo vilevile, kama wakati wa kukimbia. Ile walijifunza mu siku mbaya, na hatukuwaondolea. Tukahesabu, hakukosa hata mumoja. Gloire akaniuliza kwa sikio: «Mama, chakula iko wapi?»

Mama mukaguzi atarudi posho ijayo. Anataka kuona Baraka anaita yeye mwenyewe, sababu miye siko pale siku zote. Akifaulu, cheti ni yetu.

Tutapata. Najua vile.

Baraka anakaa nyuma ya nyumba yetu. Sasa hivi namusikia anajifunza. Vibaya sana, kama mbuzi amekanyagwa. Na bado watoto wa avenue nzima wamekwisha kufika kwake, wanauliza arusi ni ya nani.

Nayo filimbi yetu ya nyumbani? Nimeitoa kwenye musumari, nimeiweka juu ya kabati. Kuitupa, bado sijaweza. Tuone kama usingizi utakuja, na kesho asubui nitauliza roho yangu tena.