Sanduku Limewasili

Kirua Vunjo,
20 Februari 1999

Kaka Antoni,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba sanduku lako limewasili salama, wiki saba baada ya wewe kuondoka. Limepungukiwa na gurudumu moja.

Mama hajambo. Upepo umeangusha migomba miwili.

Barua yako nimeisoma. Unasema nimekuibia kihamba cha Baba, shamba letu la ukoo. Kaka, ulipanda ndege kutoka Uswidi uje kula Krismasi na sisi, ukaishia kushinda uwanja wa ndege siku nne ukidai sanduku. Unajua fika kwamba Baba hagawi kihamba bila kuchinja mbuzi mbele ya wanawe, na akishatamka nani amepewa, harudii tena. Asubuhi ya kuchinja mbuzi nilikusihi ubaki. Ukanijibu, "Valerian, suti yangu imo humo. Siwezi kusimama mbele ya ukoo na kaptura."

Tulikungoja mpaka saa tisa. Baba akauliza, "Antoni yuko wapi?"

Mama akasema, "Amefuata suruali zake."

Baba akashika kisu. "Basi na arithi suruali."

Ndivyo alivyosema, na baba wadogo wote walisikia. Kihamba akanipa mimi. Sikumwomba, na siwezi kukudanganya kwamba nilimkataza.

Sasa unatishia kunipeleka mahakamani. Karibu, ila safari hii usibebe mzigo. Bwana shamba alikuja kupima juzi. Kihamba chote, kahawa, migomba na makaburi ya babu zetu, ni robo eka.

Mdogo wako,
Valerian