Mpira Uliotoka kwa Iddi

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Dada Umi, shikamoo.

Mimi mzima, sijui wewe hapo Masoko na baba huko Kikole. Nimempa kondakta wa basi kipande cha mpira tunaoutengeneza hapa maabara ya chuo. Ukate kwa wembe, kisha ushikanishe palepale. Baada ya saa chache hutaona ulipokatwa. Wewe fundi umeme, utakufaa kufungia nyaya.

Mdogo wako,
Iddi

Kilwa Masoko, 11 Machi 2024

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, ila goti la baba bado linamsumbua.

Mpira nimeupata. Niliukata asubuhi, alasiri umeungana, nikacheka peke yangu dukani. Nilimsomea baba barua yako, basi kila anayepita Kikole anaambiwa habari za mwanawe mtaalamu. Panya wametafuna waya wa pampu yake ya kisima. Je, mpira huu unazuia umeme kama tyubu ya baiskeli?

Dada yako,
Umi

Dar es Salaam, 17 Machi 2024

Dada, shikamoo. Goti la baba vipi?

Mpira ni mpira, dada. Huo tumeupima sisi wenyewe. Funga bila wasiwasi.

Mdogo wako,
Iddi

Kilwa Masoko, 2 Aprili 2024

Iddi,

Leo sikuulizi hali. Baba alishika waya nilioufunga kwa mpira wako, umeme ukamnasa. Yu hai, alhamdulillahi, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekatwa. Anakula kwa kushoto, na wageni wakija anasema ameshiba.

Nilipiga namba iliyo kwenye pakiti ya mpira. Akapokea Daktari Restuta, mtafiti wa maabara yenu, nusura alie. Mpira huo umetiwa unga wa kaboni makusudi ili upitishe umeme, na hakuna mtafiti pale asiyejua. Nikamtaja mdogo wangu Iddi, mtafiti mwenzake. Akasema Iddi anayemjua yeye ni mfagiaji.

Miaka minne unatuambia wewe ni mtafiti, Iddi! Kwani kufagia ni aibu? Ningekuombea dua zilezile. Testa ilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Kila kitu nakipima, hata kipya cha dukani. Huu sikuupima kwa sababu ulitoka kwako.

Baba hajui. Anawaambia watu kwamba wataalamu nao hukosea. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Barua nyingine ya uongo sitamsomea.

Dada yako,
Umi

Dar es Salaam, 20 Aprili 2024

Baba yangu, shikamoo.

Pole sana. Mkono unaendeleaje? Ningekuja, ila wenzangu hapa maabara wamenizuia, kuna vipimo bila mimi haviendi. Mpira wetu hauna kasoro, tumeupima tena. Usimlaumu sana dada. Kufunga nyaya kuna utaalamu wake.

Atakusomea yeye mwenyewe.

Mwanao,
Iddi