Mmea wa Mama Unaokula Nzi

Dada yangu uliye mbali,

Duniani hakuna bingwa wa mimea kama mimi. Nzi wakiniona tu wanaaga. Ule mmea wa marehemu mama, unaokula wadudu, niliuweka dirishani penye jua, na nyama sikuupa, maana inauozesha. Fundi viatu jirani akanitania, "Mdomo wake kama wako, haushibi."

Uliniagiza niupe maji ya mvua tu, kama alivyofanya mama. Mvua ikakatika mwezi mzima. Nikaupa ya bomba, yenye chumvi, na kijiko cha mbolea juu yake, ili ukirudi uukute umenona. Ukakauka hadi mizizi.

Picha niliyokutumia juzi, ile uliyosema imekuliza kwa furaha, ni ya zamani. Dada, mmea wa mama niliuua mimi.

Mdogo wako